Wakili wa New Hampshire na Mkataba wa Seyyid Said

Mtu nitakayewasimulia habari zake hakupata kuiona Unguja hata siku moja. Hakuvuka bahari kuja pwani yetu, wala hakuujua mlango wa bandari yetu ila kwa kuusoma katika barua za watu wengine. Jina lake ni Levi Woodbury. Alikuwa wakili wa sheria katika jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini wa Marekani. Kisha akawa jaji, kisha gavana, kisha waziri wa dola, na mwisho jaji tena katika korti iliyo juu ya korti zote za nchi yake. Walakini mkono wake umo katika mambo yetu. Ile nguo nene isiyopaushwa waliyoivaa babu zetu tangu Forodhani hata Tabora na Ujiji, wakaiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka, ilikuwa na mkataba wake. Na mkataba huo ulipata njia kwa sababu mfanyi biashara mmoja aliyefilisika alimjua wakili mmoja, akamwandikia barua.

Woodbury alizaliwa tarehe 22 Desemba 1789 katika kijiji cha Francestown. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye duka, mtu wa kadiri. Mtoto alipelekwa chuo cha Dartmouth, akamaliza mwaka 1809, kisha akajifunza sheria. Siku hizo Marekani kijana aliyetaka uwakili hukaa katika ofisi ya wakili mzee, akinakili hati na kusoma vitabu vyake, kama mwanafunzi wa kadhi akaavyo miguuni pa mwalimu. Woodbury alifanya hivyo, lakini pia alikwenda kwa muda katika madrasa ya sheria ya Litchfield, jambo lililokuwa geni wakati ule. Hata alipoingia katika Korti Kuu miaka mingi baadaye, ndiye aliyekuwa jaji wa kwanza humo aliyepata kusoma katika madrasa ya sheria.

Alifungua ofisi kijijini kwao mwaka 1812. Miaka mitano haikutimia, naye amekwisha kufanywa jaji wa korti kubwa ya jimbo lake, umri wake miaka 27. Watu walimcheka wakamwita jaji mtoto. Mwaka 1819 alihamia Portsmouth, mji wa bandari, na kuhama huko kwa ajili yetu ni jambo kubwa kuliko vyeo vyote alivyovipata, kama tutakavyoona. Mwaka 1823 akawa gavana wa jimbo, na mwaka 1825 akapelekwa Washington kuketi katika Seneti, baraza ambalo kila jimbo hupeleka watu wawili.

Sasa tumwache huko kidogo, turudi Unguja.

Katika mji wa Portsmouth alikaa mtu mwingine, Edmund Roberts, aliyezaliwa mwaka 1784. Alikuwa mwenye merikebu na mali, lakini katika vita vya Waingereza na Wafaransa merikebu zake zilikamatwa baharini moja baada ya moja, akabaki na madeni na watoto wengi wa kulisha. Mwaka 1827 akajaribu bahati yake mara nyingine: akakodi merikebu iitwayo Mary Ann, akaja Unguja.

Biashara aliyoikuta hapa haikumpendeza. Mgeni hakuwa na ruhusa ya kuuza kwa amtakaye. Ilimbidi kufanya shughuli zake kwa mkono wa watu wa forodha na wa serikali, nao ndio waliokata bei, nao ndio waliomngojesha. Na merikebu iliyokodiwa ikingoja, pesa yaliwa kila siku. Waingereza walikuwa na mapatano yao na Maskati tangu zamani. Wamarekani hawakuwa na kitu. Mwanzo wa mwaka 1828 Seyyid Said bin Sultan mwenyewe alikuja Unguja, katika siku za taabu yake na Mazrui wa Mombasa, na Roberts akapata nafasi ya kumweleza malalamiko yake uso kwa uso.

Nadhani wengi wetu tukisikia neno mkataba, mara twafikiri juu ya Mzungu mwenye nguvu anayemshurutisha mtawala wa pwani atie sahihi. Mambo ya mwaka 1828 hayakuwa hivyo. Roberts hakuwa na manowari hata moja, wala hakuwa na amri ya dola yake. Seyyid Said ndiye aliyeona faida. Alitaka wanunuzi wa pembe, wa sandarusi na wa ngozi. Alitaka kununua baruti na bunduki. Na zaidi ya hayo alitaka rafiki asiyekuwa Mwingereza. Basi alimwambia Roberts kwamba yu tayari kufanya mapatano na Marekani, na Wamarekani watapewa haki kama za watu wanaopendelewa kuliko wote.

Roberts akarudi kwao na maneno hayo. Yeye peke yake asingaliweza kuyafikisha mbele ya Rais. Mfanyi biashara aliyefilisika hana mlango wa ikulu. Lakini alimjua Woodbury, mtu wa mji wake, aliyekuwa Seneti wakati ule. Akamwandikia habari za Unguja na Maskati, bidhaa zinazopatikana, ushuru unaotozwa, na faida itakayopatikana kama haki zikiandikwa. Miaka ikapita bila jambo kutendeka. Hata mwaka 1831 Rais Andrew Jackson akamfanya Woodbury kuwa Waziri wa Manowari, na barua iliyolala ikapata mwenye kuiamsha.

Mwaka ule ule ilitokea habari mbaya katika kisiwa cha Sumatra: merikebu ya biashara ya Salem, jina lake Friendship, ilishambuliwa mahali paitwapo Kuala Batu, na baadhi ya mabaharia wake wakauawa. Serikali ya Marekani ilipeleka manowari kulipiza kisasi. Lakini Woodbury akaona kwamba mizinga peke yake haitoshi kuilinda biashara katika bahari za mashariki. Pafaa pawepo maandishi. Kwa ajili hiyo Roberts akachaguliwa kuwa mjumbe wa Rais kwenda kwa mfalme wa Siam, kwa mfalme wa Cochin-China, na kwa Seyyid Said. Safari ilifanywa kwa siri. Katika daftari ya manowari Peacock, iliyotweka mwaka 1832, Roberts aliandikwa kuwa karani wa nahodha tu, ili mataifa mengine yasije yakajua na kutangulia.

Cochin-China hawakumpokea. Siam walimpokea, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Machi 1833. Kisha Peacock ikaelekea Maskati, na huko tarehe 21 Septemba 1833 ukafanywa mkataba wa Marekani na Seyyid Said, ukihusu nchi zake zote za Arabuni na za pwani yetu. Yafaa tuutazame, maana ni maneno machache yenye uzito.

Jambo la kwanza: Wamarekani waweza kuingia katika bandari yo yote ya Seyyid na shehena yo yote, na kumuuzia mtu ye yote wamtakaye, bila serikali kuingia katika bei. Hili ndilo jibu la malalamiko ya Roberts. Palikuwa na kizuizi kimoja tu: bunduki, baruti na risasi zikiletwa katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali. Katika bandari nyingine zaweza kuuzwa kwa watu wote. Ukikumbuka kwamba Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Mazrui, haikutiishwa mpaka mwaka 1837, utashangaa kwamba Seyyid alikubali hata kiasi hicho. Lakini Unguja, makao yake, aliilinda.

La pili: ushuru ni tano kwa mia juu ya bidhaa zilizoshushwa pwani, basi. Hapana ushuru wa kutoa mali, hapana ada ya nanga, hapana ada ya rubani. Merikebu ikiingia kutengenezwa, au kutafuta maji na chakula, au kuuliza bei tu, haitozwi kitu.

La tatu lapendeza kuliko yote. Roberts alikuwa ameandika kwamba merikebu ya Marekani ikivunjika katika pwani za Seyyid, mabaharia watalishwa na kutunzwa na gharama italipwa na dola yao. Seyyid alilikataa neno hilo la malipo. Ikaandikwa badala yake kwamba watu hao watakaa kama wageni wake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, na kwamba yeye hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia mtu aliyepatwa na msiba. Mawakili wengi wameandika mikataba mingi, lakini si mingi iliyo na ukarimu wa nyumbani ndani yake kama huu.

La mwisho lilihusu mabalozi. Rais aweza kuweka balozi katika bandari za Seyyid. Balozi huyo ndiye atakayehukumu ugomvi wa Wamarekani wao kwa wao, na asikamatwe wala mali yake isiguzwe. Naye akivunja sheria za nchi, Seyyid ampelekee Rais habari, na Rais atamwondoa. Neno hili lilionekana dogo mwaka 1833. Mtu aliyekuwa na Wamarekani wachache tu bandarini, wengi wao wakikaa miezi michache na kwenda zao, angaliona taabu gani kuwaacha wajihukumu wenyewe? Lakini Waingereza walipofanya mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, nao walipewa haki za namna hiyo. Ndiyo mbegu ya korti za mabalozi, zilizokuja kuota sana mjini Unguja baadaye, hata ikawa kuna watu wengi wakaao chini ya bendera ya Sultani na sheria za Sultani zisiwafikie. Kwa maoni yangu hilo ndilo shimo katika mkataba ule, na aliyelichimba hakujua kina chake.

Seneti iliukubali mkataba mwaka 1834, na Roberts akatumwa tena kuupeleka. Mwezi wa Septemba 1835 Peacock ilitia nanga hapa Unguja, kisha ikaendelea kwenda Maskati. Usiku wa tarehe 21, miaka miwili kamili tangu siku ya kutia sahihi, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Mabaharia wakatupa mizinga baharini ili iwe nyepesi, huku majahazi ya wanyang'anyi yakiizunguka. Roberts akashuka katika mashua ndogo pamoja na watu wachache, akasafiri siku kadha katika bahari wazi, akafika Maskati na kuomba msaada. Seyyid akatoa merikebu na chakula na maji, kama alivyoahidi katika maandishi. Kabla ya mwisho wa mwezi ule hati zikabadilishanwa. Roberts hakuiona tena nchi yake: alishikwa na maradhi safarini, akafa Macao mwezi wa Juni 1836.

Mtu angedhani kwamba wafanyi biashara wa Marekani walishangilia. Wale wa Salem walinuna. Katika miezi ishirini hivi, tangu Septemba 1832 hata Mei 1834, merikebu za kigeni 41 ziliingia Unguja, na 32 katika hizo zilikuwa za Marekani, nyingi za Salem. Watu wa Salem walikwisha kuijua njia, walikwisha kufanya urafiki na watu wa forodha, nao waliona kwamba mkataba utawaletea washindani kutoka New York na Boston. Baadaye waliona heri kuingia kuliko kukaa nje. Mtu wao, Richard Waters wa Salem, ndiye aliyefanywa balozi wa kwanza wa Marekani, akafika Unguja mwezi wa Machi 1837. Alikuwa balozi na mfanyi biashara kwa pamoja, naye akapatana sana na Jairam Shivji, mwenye kuikodi forodha, hata wageni wengine wakalalamika kwamba wawili hao wameshika biashara yote ya mji. Kwa hiyo mkataba uliofanywa ili kuondoa mkono wa forodha katika bei, ukaja kutumiwa na mtu aliyekaa ubavuni pa forodha. Karatasi haijilindi yenyewe.

Woodbury wakati huu amekwisha kuhama. Tangu mwaka 1834 hata 1841 alikuwa Waziri wa Hazina. Aliona mwaka 1835 deni lote la dola ya Marekani likilipwa, jambo ambalo halijatokea tena; na aliona mwaka 1837 mabenki yakianguka na watu wakikosa kazi. Sitakaa sana katika habari hizo. Lakini iko moja yenye kutuhusu.

Tarehe 30 Aprili 1840 watu wa New York waliamka wakaona bandarini mwao merikebu yenye bendera nyekundu. Ilikuwa Sultana, iliyotoka Unguja mwezi wa Februari, na mjumbe wa Seyyid Said ndani yake alikuwa Ahmad bin Naaman, karani wake mwaminifu. Shehena ilikuwa tende, kahawa, mazulia, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, na karafuu za mashamba yetu. Watu walijaa gatini kumtazama Ahmad katika joho na kilemba. Alichorwa picha, akatembezwa mjini, akapanda gari la moshi. Serikali ya Marekani ikaitengeneza Sultana bure katika karakana yake ya manowari, nayo ikarudi kwetu kabla ya mwisho wa mwaka.

Shida ilikuwa zawadi. Seyyid alimpelekea Rais Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali, zulia na upanga wa dhahabu. Katika desturi zetu, kukataa zawadi ya mfalme ni kumtukana. Lakini Katiba ya Marekani, sheria iliyo msingi wa sheria zao zote, yakataza mtu mwenye cheo cha serikali kupokea kitu cho chote kutoka kwa mfalme bila idhini ya Kongresi. Rais akasema hawezi. Ahmad bin Naaman naye hakuweza kuvirudisha. Mwisho Kongresi ikatoa ruhusa vipokewe kwa jina la taifa; farasi wakauzwa, na fedha ikatiwa katika Hazina, iliyokuwa mikononi mwa Woodbury. Vitu vingine, pamoja na lulu, vikawekwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Tarehe 20 Septemba 1845 Woodbury aliteuliwa kuwa jaji wa Korti Kuu. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 2 Oktoba, hapa kwetu Seyyid Said alitia sahihi mapatano na balozi wa Uingereza, Hamerton, ya kuzuia watumwa wasitolewe katika nchi zake za Afrika kwenda Arabuni, yaanze kufanya kazi mwanzo wa mwaka 1847. Biashara ya watumwa tangu Kilwa hata Lamu haikuguswa, wala utumwa wenyewe katika mashamba ya Mtoni na Kizimbani. Mwaka ule wa 1847 ndio Woodbury naye alipoletewa shauri la utumwa, na ndilo shauri linalofanya jina lake likumbukwe.

Mambo yalikuwa hivi. Katika nchi ya Marekani majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa, na majimbo ya kaskazini hayakuwa nao. Mtumwa akitoroka akavuka mto Ohio, alikanyaga ardhi isiyo na utumwa. Lakini Katiba ilisema kwamba mtoro arudishwe kwa bwana wake, na sheria ya mwaka 1793 iliweka faini ya dola 500 kwa mtu amfichaye. Usiku mmoja wa mwaka 1842 mkulima wa Ohio, jina lake John Van Zandt, alikuwa akirudi nyumbani na gari lake la farasi baada ya kuuza mazao sokoni. Njiani aliwakuta watu tisa weusi waliotoroka kutoka Kentucky. Akawapakia. Haukupita muda wakatokea wakamata watoro wakalisimamisha gari. Mmoja akaponyoka, wanane wakarudishwa utumwani. Bwana wao, Jones, akamshtaki Van Zandt.

Mawakili wawili mashuhuri, Salmon Chase na William Seward, walimtetea mkulima huyo bila ujira. Walisema kwamba utumwa hauna msingi katika haki ya asili. Mtu akikanyaga nchi huru ni mtu huru. Na sheria inayomwadhibu mtu kwa kumpa maskini lifti katika gari lake si sheria ya kuheshimiwa. Woodbury ndiye aliyeandika hukumu kwa niaba ya majaji wote. Alikuwa mtu wa kaskazini, hakuwa na watumwa. Akahukumu juu ya Van Zandt. Alisema kwamba jambo la utumwa ni la siasa, kila jimbo lajiamulia. Kwamba majimbo yalipoungana yaliandikiana ahadi, na ahadi ya kurudisha watoro ni mojawapo. Na kwamba jaji hana njia ila kusimama pamoja na Katiba na sheria maadamu zipo, kwa kuwa ameapa.

Van Zandt alikufa mwaka ule ule, mali yake imeliwa na kesi.

Wako wasemao kwamba Woodbury alihukumu hivyo kwa kutaka urais, maana mwaka uliofuata, 1848, chama chake cha Demokrati kilikuwa kikitafuta mtu wa kaskazini asiyechukiwa na watu wa kusini, naye alitajwa sana, ingawa hakupata. Huenda tamaa hiyo ilikuwamo. Lakini mimi sioni kwamba yatosha kuwa sababu. Mtu huyu maisha yake yote aliamini kwamba neno likiisha kuandikwa na kutiwa sahihi, basi ndilo la kushikwa, na anayeanza kuchagua lipi alishike na lipi aliache amevunja yote. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya amsikilize Roberts, akapeleka karani na kalamu Maskati mahali ambapo wengine wangepeleka mizinga peke yake. Nayo ndiyo iliyomfanya ahukumu juu ya Van Zandt. Tofauti ni hii: Seyyid Said alikuwamo barazani ulipoandikwa mkataba wake, akalikataa neno la malipo, likafutwa. Wale watoro tisa hakuna aliyewauliza ilipoandikwa Katiba.

Tena pana jambo ambalo si la mtu mmoja. Pamba iliyofumwa merikani katika viwanda vya Massachusetts ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nguo hiyo ilishushwa Unguja, ikapelekwa Bagamoyo na bara, ikanunua pembe. Na nguo ilinunua watu pia. Pembe zilikwenda Marekani zikawa vitana na vitufe vya vinanda. Balozi Waters alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa, na alilisema hilo katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, lakini alinunua na kuuza katika biashara hiyo hiyo mpaka akarudi kwao tajiri. Mkataba wa mwaka 1833 haukusema neno juu ya watumwa, si la kukubali wala la kukataza.

Woodbury alikufa Portsmouth tarehe 4 Septemba 1851, angali jaji. Binti yake Mary Elizabeth alikuwa ameolewa na wakili, Montgomery Blair, na mkwe huyu alishika njia nyingine. Ndiye aliyesimama katika Korti Kuu ile ile kumtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake kwa sababu bwana wake alimpeleka kukaa katika nchi isiyo na utumwa. Mwaka 1857 majaji wakamkatalia, wakasema tena kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Miaka minne baadaye vita vikaanza, na Blair akawa waziri katika serikali ya Lincoln.

Vita hivyo, tangu 1861 hata 1865, vilisikika mpaka katika maduka ya mji wetu. Pamba ya kusini haikufika tena viwandani, merikani ikawa adimu na bei yake ikapanda, na wafanyi biashara wa Bombay na wa Uingereza wakaleta nguo zao kujaza nafasi. Vita vilipokwisha, utumwa wa Marekani ulikuwa umefutwa katika Katiba yenyewe. Hapa kwetu soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 katika siku za Seyyid Barghash, na sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ikatolewa mwaka 1897.

Na ule mkataba? Seyyid Barghash aliuthibitisha kwa mkataba mpya na Marekani mwaka 1886, ushuru ukibaki tano kwa mia kwa bidhaa nyingi. Haki ya balozi wa Marekani kuwahukumu watu wake hapa Unguja iliachwa mwaka 1905, na katika kupatana huko aliyetia sahihi upande wetu hakuwa mtu wa Seyyid, bali Mwingereza, kwa kuwa nchi ilikuwa imekwisha kuwa chini ya himaya yake. Maskati waliendelea na maandishi ya Roberts mpaka Marekani na Sultani wao walipofanya mkataba mwingine mwaka 1958.